Mkono Uliochorwa Kwenye Ndoo

Majina ya watu siandiki. Ila nitasema nani alifanya nini, na mwenyewe akisomewa atajua ni yeye.

Wa kwanza ni kaka yangu mkubwa. Huyo ndiye aliyenitoa shule nikiwa darasa la nne, kule Ubaruku, msimu ambao mpunga wetu ulikauka kwa sababu maji ya mfereji yaliishia kwenye mashamba ya juu. Alisema mtoto wa kike akijua kuhesabu magunia inatosha. Kuhesabu magunia nilikuwa najua tayari. Basi akanipeleka Mbeya, mtaa wa Soweto, kwa mama mmoja mwenye hoteli ya chakula, akanikabidhi kama mtu anavyokabidhi mzigo, akarudi na gari lilelile.

Wa pili ni huyo mama wa hoteli. Kwake niliosha vyombo miaka kumi na mitatu. Asubuhi ya Mbeya ni baridi, maji ya pipa yanauma mpaka kwenye mfupa, na mimi nilikuwa wa kwanza kuyagusa kila siku. Sabuni aliona inaisha haraka, akaanza kuleta unga mweupe kwenye mfuko. Tukauita dawa. Unatia kidogo kwenye beseni, mafuta ya sahani yanakimbia yenyewe. Ngozi nayo ilikimbia, lakini taratibu. Nikimwonyesha vidole ananiambia nipake mafuta ya mgando, niache kudeka.

Siku moja wateja walijaa na sahani zikaisha. Akapiga kelele kutoka mlangoni kwamba niutie unga kwenye maji yanayotokota, nisisubiri yapoe. Nikatia. Beseni likapanda kama maziwa yanavyopanda kwenye sufuria, likanirukia mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. Wateja walipouliza kelele za nini, aliwaambia nimejimwagia chai. Mpaka leo nikikumbuka ile siku, hiyo chai ndiyo inayoniuma kuliko maji.

Nilipona. Ngozi ilirudi, ila ilirudi fupi. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havinyooki, na baridi ikianza vinapasuka. Hata hivyo nimefanya biashara ya mchele na mikono hiyohiyo, nimenunua Ubaruku na kuuza Iringa, nimeolewa Kihesa, nimezaa, nimejenga, nimezika mume. Mume wangu simweki kwenye orodha hii. Yeye vyombo vya usiku alikuwa anaosha mwenyewe, mlango umefungwa ili dada yake asimwone.

Alipofariki, vyombo vikarudi kwangu. Baada ya mwaka daktari mmoja hapa Iringa alinigeuza viganja akavitazama muda mrefu, halafu akasema maji ya sabuni sasa basi. Nikamwambia nina glavu. Akasema ngozi hii ikitoka jasho ndani ya glavu inaharibika vilevile, na nikiendelea vile vidole vitajifunga kabisa, nitashindwa hata kushika kijiko.

Kila niliyemwambia alinijibu jambo moja, kwamba niweke binti wa kazi. Mabinti wapo, wanasema, wanatoka vijijini, unampa godoro na chakula anafurahi. Walisema hivyo huku wakinitazama mikono. Nikawaambia hapana. Mtoto wa mtu hatasimama mbele ya beseni langu. Hilo niliapa nikiwa bado Soweto na bendeji mikononi, kabla sijawa na beseni wala nyumba ya kuliweka.

Mashine ya kuosha vyombo niliiona kwa wateja wangu wa mchele, familia ya wageni. Nilikuwa nimesimama jikoni kwao nasubiri wamimine gunia, nikasikia maji yanazunguka ndani ya kabati. Hakuna mtu aliyeinama popote. Mama mwenye nyumba akafungua ule mlango, mvuke ukatoka, sahani zimesimama kwenye mstari kama watoto wa kwaya. Nikauliza inaosha na masufuria? Akasema inaosha. Nikamwambia siku mkihama msimwite mtu mwingine. Walipohama waliniita mimi.

Ni ile ya kuingizwa ndani ya kabati. Haina ubavu wala paji la uso. Ukiiweka uwanjani peke yake unadhani imechunwa ngozi. Na uwanjani ndipo iliposhushwa, mbele ya wifi yangu.

Huyo wifi yangu ndiye wa tatu. Kiwanja chetu ni cha ukoo wao. Mimi niko upande wa barabara, yeye upande wa bonde na nguruwe wake. Miaka yote hiyo hajaniuliza hata mara moja mikono yangu ilipatwa na nini. Badala yake aliwaambia akina mama wa jumuiya kwamba ni ugonjwa wa kwetu Usangu, ndiyo maana kwenye sherehe nilikuwa napewa kazi ya kuelekeza wageni viti, sigusishwi unga wala nyama. Nilijua, nikanyamaza. Nilifikiri kunyamaza ni heshima.

Aliizunguka mashine, akaipiga kofi kidogo.

"Wifi, hii friji imekufa?"

Nikamwambia si friji, inaosha vyombo.

"Na wewe utakuwa unafanya nini?"

"Nitakuwa nimekaa."

Akacheka mpaka akashika kiuno. Akasema kwao mama yake alizaa tisa na hakukaa. Nikamwambia ndiyo maana alikufa mapema. Halikuwa jibu zuri, nalijua. Siku tatu hatukusalimiana, na Kihesa kutokumpa mtu kamwene ya asubuhi si jambo dogo.

Fundi nilimchukua kwa sifa. Mabomba anajua, vigae anajua, na umeme kidogo. Jiko langu lina kaunta ya zege, imemwagwa juu ya kuta fupi za tofali, sinki limezama katikati. Nafasi ya chini ya kaunta ilikuwa vyumba viwili vyembamba, na mashine ilitaka chumba kimoja kipana. Fundi akainama, akapima, akasema mama, ukuta huu ukitoka kaunta inaanguka na sinki lake, bora mashine tuiweke sebuleni tuifunike kitambaa.

Nikamuuliza, "Fundi, umewahi kuona kaunta ikianguka?"

"Sijawahi."

"Basi tutaiona wote."

Tukaleta mirunda minne, tukaisimamisha chini ya zege na kuikaza kwa kabari. Akalitoa tofali la kwanza kwa patasi kama anayeng'oa jino la mzazi wake. La pili, la tatu. Kaunta haikutikisika. Ukuta ulipoisha akasimamisha nguzo mbili nyembamba za chuma huku na huku, akatoa mirunda, akajifuta jasho, akasema alijua tangu mwanzo.

Kupima kulitusumbua. Mashine ilikuwa fupi kuliko kaunta kwa unene wa kidole, kwa hesabu inapita vizuri, lakini fundi alikuwa amepima kabla ya kuweka vigae sakafuni. Vigae vilipokaa, mashine ikagoma kuingia chini ya kaunta. Alitaka kuchonga zege kwa chini. Nikamwambia mashine ina miguu ya kuzungusha, nimeiona kwa wale wageni, ikunje miguu. Aliikunja, ikaingia, akaweka pima maji juu yake mpaka lile povu dogo likatulia katikati. Seremala akaleta ubao wa paina wa kuvisha mlango, akaufunga kwa skrubu, na ghafla jiko langu likawa jiko la watu. Nilikaa kwenye kigoda nikautazama ule ubao. Sijui nilikaa muda gani.

Bado maji. Mgao wa Kihesa mnaujua. Tangi langu lilikuwa juu ya tofali za kufika begani, na mashine inataka maji yanayosukuma. Tukalipandisha tangi. Fundi akafunga koki chini ya sinki na mpira wa kuingizia maji. Ukabaki mpira wa kutolea, na hapo ndipo maneno yote yalipo.

Maji ya sinki langu, tangu enzi za mama mkwe, yalipita kwenye bomba moja linalotoboa ukuta, linakatiza uwanja na kumwaga kwenye hori la nguruwe wa wifi. Huku kwetu maji ya kwanza ya vyombo hayamwagwi ovyo. Yana ugali ndani yake, yana mchuzi, ni chakula. Nyumba isiyo na nguruwe humpelekea jirani mwenye nguruwe, na jirani wakati wa kuchinja anakumbuka. Sabuni ilikuwa inakuja baadaye, kwenye beseni la pili, na hiyo tunamwaga kwenye migomba. Sasa mashine haitenganishi. Inachanganya yote na kutema yote kwa mpigo.

Hilo nililijua. Nilimpeleka fundi kwa mkono mpaka chini ya mparachichi, nikamwonyesha kwa mguu: hapa chimba shimo, jaza mawe, leta bomba jipya, maji ya mashine yaishie hapa. Akasema sawa mama. Nikamwachia ufunguo, nikapanda basi kwenda Mbeya kutafuta dawa ya mashine, maana Iringa nilizunguka maduka nikakosa.

Duka nililipata, linauza vitu vya mahoteli. Huyo muuzaji ndiye wa nne. Nilimwambia wazi kwamba mashine yangu ni ya nyumbani. Akasema dawa ni dawa, akaniletea ndoo nyeupe yenye mfuniko wa kukaza, maandishi yote ya Kizungu, akaifunga kwenye mfuko mweusi. Kabla ya kurudi stendi nilipita Soweto. Ile hoteli haipo, pale wanauza simu. Nilisimama nikatafuta kwa macho mahali pipa lilipokuwa. Hakuna aliyeniuliza nataka nini, nikaondoka.

Nyumbani nilifika kesho yake mchana. Fundi ananisubiri anatabasamu, kila kitu kimekwisha. Nikaangalia nje nikaona udongo mpya chini ya mparachichi, nikajua shimo lipo. Sikwenda kukagua. Hilo ni kosa langu mimi na nitalieleza mbele.

Tukapanga sahani. Fundi akatoa ndoo kwenye mfuko, akachota kijiko cha unga, akakiweka pale panapowekwa, akafunga. Akaniambia mama, bonyeza wewe. Nikabonyeza kwa kifundo cha kidole, maana ncha hazifiki vizuri. Maji yakaingia. Yakaanza kuzunguka, ile sauti niliyoisikia kwa wageni, sasa iko kwangu. Nikavuta kigoda nikakaa. Nilisema nitakaa, nikakaa.

Ndoo ilikuwa sakafuni, jua la dirishani limeipiga. Ilikuwa na picha ndogo, pembe nne, mstari mwekundu pembeni. Ndani yake kuna mkono umechorwa, na matone yanaudondokea, na mkono unaliwa.

Picha ile niliifahamu. Ilikuwa kwenye mfuko wa Soweto. Miaka kumi na mitatu nilikuwa nachota unga chini ya picha ile, nikadhani ni alama ya kiwanda, au ni mtu ananawa. Maandishi ya Kizungu sikujua kuyasoma na hakuna aliyenisomea. Mama wa hoteli alikuwa anasoma gazeti la Kizungu kila siku akiwa kaunta. Alijua kusoma, na mfuko aliununua mwenyewe.

Nikamuuliza fundi, shimo umelijaza mawe? Akakuna kichwa. Akasema shimo alilianza, lakini dada wa marehemu alikuja akamwambia hapa ni kwa baba yake, maji ya jiko hili ni ya nguruwe tangu zamani, na nguruwe mwenyewe ana mimba. Akamkataza kugusa bomba. Hivyo mpira wa mashine ameuunganisha kwenye bomba la zamani.

"Yanakwenda hori, mama. Kama siku zote."

Fundi naye nimemweka kwenye orodha. Anajua nani anamlipa, lakini anajua pia kwamba kwenye kiwanja cha ukoo neno la dada wa marehemu linapita la mjane. Alitaka abaki salama na sisi wote wawili, akanificha hilo.

Nikamwambia azime. Soketi alikuwa ameiweka ukutani nyuma ya mashine, na mashine imeshafungwa kwa skrubu huku na huku. Akaanza kutafuta bisibisi. Mimi nikatoka nje.

Wifi alikuwa ameinama kwenye hori, mikono imezama mpaka kwenye kiwiko, anavuruga pumba. Nguruwe amesogea pembeni yake anasukuma kwa pua. Nikasikia bomba linakoroma, ile sauti ya hewa inayotangulia maji. Nilimshika wifi yangu begani nikamvuta, akaanguka kwa makalio kwenye matope, nikalipiga bomba teke likatoka kwenye ukingo wa hori. Maji yakaja. Yalimwagika chini, rangi ya kijivu, yanatoa moshi, yananuka. Harufu ileile.

Nguruwe alikimbia akalia kona ya banda. Wifi akanitazama kutoka chini.

"Wifi, sasa tumefika huko? Unanipiga kwa ajili ya nguruwe?"

Nikakaa palepale kwenye matope, mbele yake. Nikamtolea mikono yote miwili, nikainua mikono ya sweta mpaka kwenye viwiko, jambo ambalo sijawahi kulifanya mbele yake.

"Huu si ugonjwa wa Usangu. Ni maji haya. Yangekukuta mikono imo ndani."

Nikamweleza yote, kaka, hoteli, mfuko, beseni, chai. Fundi alikuwa amesimama mlangoni na bisibisi yake, naye akasikiliza. Wifi hakunikatiza. Nilipomaliza alinyoosha mkono wake wenye pumba, akakigusa kidole changu kimoja, kile kilichojikunja zaidi, akajaribu kukinyoosha taratibu, akaona hakiendi.

"Mbona hukusema?" akauliza.

Nikamwambia hukuuliza. Halafu akaniomba nimsaidie kuinuka, nikamsaidia.

Sasa nirudi kwenye lile kosa langu. Kwenye orodha hii na mimi nimo. Nilinunua unga nisioujua, nikaubeba mwenyewe kutoka Mbeya, nikabonyeza mwenyewe, na shimo sikwenda kuliangalia kwa sababu nilikuwa na haraka ya kukaa. Mama wa hoteli naye alikuwa na haraka. Tofauti yangu na yeye ni hatua chache za uwanja, na kwamba mimi nilikimbia. Siku ile sikuosha wala kusafisha chochote. Sahani zilibaki ndani ya mashine na unga wake mpaka fundi alipoziondoa kwa koleo, akazisuuza kwa mpira wa bustani akiwa mbali.

Kesho yake asubuhi nilisikia jembe. Wifi alikuwa chini ya mparachichi, amefunga kanga kiunoni, anachimba lile shimo. Hakuniomba msamaha, na sikuutegemea. Fundi alipofika akakuta shimo limemfika wifi magotini, akaona haya, akachukua sururu. Likajazwa mawe ya mtoni. Bomba jipya likalazwa, sinki nalo likaunganishwa humo, mpira wa mashine ukapandishwa juu kwanza kisha ukashushwa, ili maji machafu yasirudi. Soketi ikahamishiwa juu ya kaunta ninapoifikia kwa kiwiko. Bomba la zamani fundi aliliziba kwa sementi, wifi amesimama juu yake anahakikisha.

Ndoo niliirudisha Mbeya. Yule muuzaji alisema kitu kilichofunguliwa hakirudi. Nikaigeuza ndoo juu ya meza yake mpaka picha ikamtazama.

"Huu mkono ni wa nani?"

Akasema ni alama tu, mama, ziko nyingi. Nikaweka mikono yangu miwili mezani, kulia na kushoto kwa ndoo. Kulikuwa na watu nyuma yangu kwenye foleni, nao wakachungulia. Akaichukua ndoo. Akaingia ndani, akakaa kidogo, akarudi na pakiti za dawa ya mashine za nyumbani, ambazo kumbe alikuwa nazo. Nilizigeuza pande zote sita nikitafuta mkono. Haupo. Nikamwambia anisomee maandishi yote, kwa sauti, mpaka mwisho. Akasoma. Foleni ikasubiri.

Siku tulipowasha tena, wifi alikuja. Aliweka sharti lake mlangoni kabla hajavuka: makombo ni yake. Kila sahani ikwanguliwe kavu kwenye ndoo ya nguruwe kwanza, ndipo iingie kwenye hiyo friji. Nikakubali, maana hata mashine yenyewe haipendi makombo. Nikabonyeza kwa kifundo. Tukakaa wawili, mimi kwenye kigoda, yeye kwenye ndoo aliyoigeuza, tunasikiliza. Maji yalipotoka alikwenda mwenyewe mpaka kwenye mparachichi, akaweka sikio karibu na mawe, akarudi akasema yanashuka.

Halafu akatoa chini ya kanga sufuria lake, lile la ugali, ukoko umeganda pembeni mweusi.

"Na hili linaingia?"

"Likwanguliwe kwanza."

Akachukua kijiko akaanza kukwangua. Mimi mikono yangu ilikuwa mapajani, mikavu.